Kitambaa cha Jukwaa Kuu

Ukisikia mtu anasema kwamba katika Jamhuri ya Sawia penalti hutolewa kwa upendeleo, kanusha papo hapo, kabla hujaulizwa umeyasikia wapi. Mimi ni mtangazaji wa mpira wa Redio ya Taifa. Nimekaa kwenye kibanda cha matangazo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijawahi kuona upendeleo. Nilichoona ni kitambaa, na kitambaa si upendeleo.

Nieleze, maana wageni huwa hawaelewi.

Kwetu mchezaji akianguka ndani ya kumi na nane, refa hakurupuki. Huweka kipenga mdomoni, asipulize, kisha hugeuka kuelekea jukwaa kuu na kusubiri. Hapo jukwaani, kulia kwa Mheshimiwa Mlezi wa Soka, hukaa Katibu Mkuu wa Chama cha Soka, Daktari Pazi Mtambalike. Daktari ana kitambaa cheupe cha mfukoni. Kitambaa kikipanda, ni penalti. Kisipopanda, mpira unaendelea, na aliyeanguka anajifuta majani.

Kipindi hicho cha kusubiri kinaitwa Muda wa Tafakuri, na kazi yangu ni kukijaza. Huwasomea wasikilizaji mashairi yangu kuhusu zao la korosho, na yakiisha nasoma matangazo ya vifo. Kuna jioni moja kitambaa kilichelewa mpaka makipa wote wawili wakakaa chini kula karanga. Hakuna aliyelalamika. Sawia ni nchi ya watu wavumilivu, na wasiokuwa wavumilivu wamepewa muda wa kujifunza mahali maalumu.

Mheshimiwa Mlezi ndiye pia mlezi wa klabu ya Nguzo. Jina lake sitaliandika, kwa kuwa haliandikwi ila kwa kusimama, nami nimekaa. Ni kweli kwamba kitambaa kilikuwa kikipanda zaidi Nguzo wanapoanguka. Lakini mtu mwenye akili atajiuliza kwanza: je, Nguzo hawaanguki vizuri zaidi?

*

Aliyeanzisha maneno ni Bi Tindwa, mwenyekiti wa klabu ya Tanuri, kutoka mji mdogo wa Mwamboni ambako watu huchoma chokaa. Bi Tindwa ni mpishi wa harusi, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili, na Mungu alipompa sauti hiyo hakumpa kitufe cha kuipunguza. Alisimama kwenye mkutano mkuu wa soka, mbele ya kamera, akasema:

"Waheshimiwa, Tanuri tangu izaliwe haijapata penalti hata ya kusingiziwa. Nguzo wanapata kila wiki. Mchezaji wao akipiga miayo ndani ya kumi na nane, kitambaa juu! Wetu mwaka juzi alivunjwa bega, tukaambiwa ameteleza. Kateleza na bega? Tunachoomba ni kidogo tu. Refa atumie macho yake mwenyewe, Mungu kampa mawili."

Serikali sikivu haikukasirika. Iliunda tume. Mwenyekiti wa tume alikuwa Daktari Mtambalike, kwa sababu hakuna mtu mwingine nchini anayekijua kitambaa kile kwa undani kama yeye. Tume ilizunguka nchi nzima, ikala kila mahali ilipofika, kisha Daktari akasoma matokeo kwa sauti yake ya mimbarini.

"Ndugu wananchi! Tume imechunguza, imepekua, imetafakari. Kitambaa ni kitambaa. Ni mali ya mtu binafsi, na kupanda kwake ni suala la hewa na joto la mwili wa mwenye nacho. Hakina uhusiano wowote na penalti, hakijawahi kuwa nao, na yeyote atakayesema kinao atakuwa amesema uongo mbele ya sheria. Ama kuhusu Tanuri, tume imebaini kwamba Nguzo huanguka kwa nidhamu, wakati Tanuri huanguka kwa uzembe. Ukweli ndio huo, tuumeze."

"Basi tufundisheni kuanguka!" akapaza sauti Bi Tindwa.

Serikali sikivu ikaandaa semina ya kuanguka. Mkufunzi alikuwa Zuberi, mshambuliaji wa Nguzo, ambaye mashabiki humwita Papai kwa sababu huporomoka bila mti kutikiswa. Papai aliwafundisha vijana wa Tanuri kurusha mikono, kukunja uso, kubiringika, na lililo muhimu kuliko yote, kutupia jicho jukwaa kuu kabla mgongo haujagusa ardhi. Walirudi Mwamboni na vyeti vyenye mhuri. Mechi iliyofuata wakaanguka vizuri mno, machozi yakanitoka kibandani. Kitambaa hakikupanda. Daktari alieleza baadaye kwamba siku ile hapakuwa na joto.

*

Msimu ukaenda hivyo hivyo, na siku ya mwisho ikawakuta Tanuri pabaya. Walitakiwa kucheza na Nguzo na kushinda. Wakitoka sare, wanashuka daraja.

Kushuka daraja si aibu, wengi wameshuka na wanaishi. Tatizo ni Sheria ya Matumizi Bora ya Nyasi. Sheria hiyo inasema klabu ikishuka daraja, uwanja wake unachukuliwa na klabu bingwa kwa matumizi yenye tija. Nguzo walikwisha kutangaza matumizi yao: uwanja wa Mwamboni ungesakafiwa kwa saruji, liegeshwe basi la wachezaji likiwa safarini kwenda pwani. Basi huchoka, walisema.

Watu wa Mwamboni hawana pengine. Pale wanaswali Idi, pale wanaozesha, pale watoto wanajifunza baiskeli, na mvua ikizidi bondeni ndipo wanapohamishia vyombo vyao. Bi Tindwa hakuwa na neno jingine wiki ile. Ukimsalimia anakujibu, "Salama, mwanangu, ila uwanja." Nilipopita Mwamboni nilimwona sokoni amesimama mbele ya fungu la vitunguu, hanunui, anatazama tu. Sikupenda kumwona vile.

Chama cha Soka, kuonyesha haki, kikamteua Chande Kilembe kuwa refa. Kilembe ni wa Mwamboni. Tena zaidi ya hapo: Bi Tindwa ni shangazi yake, na ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Daktari Mtambalike aliwaambia waandishi wa habari, "Nani tena atasema tunapendelea? Refa ametoka chungu kimoja na wapinzani!" Akacheka, akapangusa midomo kwa kitambaa.

Hapakuwa na hatari yoyote, maana Kilembe alikuwa refa mtiifu kuliko wote. Tangu aanze kazi hajawahi kupuliza kabla ya kutazama juu. Inasemekana alipokuwa chuo cha marefa aliwahi kumwuliza mwalimu, "Na je, mwalimu, ikitokea nimeona mwenyewe?" Mwalimu akamjibu kwa upole, "Utapona."

*

Siku ya mechi, iliyochezwa mji mkuu, Daktari Mtambalike aliamka na mafua. Yalitokana na kiyoyozi cha ukumbi walimopongezana wajumbe wa tume, kwa hiyo yalikuwa mafua ya kitaifa.

Kipindi cha kwanza, mshambuliaji wa Tanuri aliingia kumi na nane ya Nguzo peke yake, akakanyaga kamba ya kiatu chake mwenyewe, akaanguka kifudifudi. Hapakuwa na beki karibu. Hakuanguka hata kama alivyofundishwa. Lakini utaratibu ni utaratibu: Kilembe akaweka kipenga mdomoni, akageuka kuelekea jukwaa kuu. Mimi nikafungua shairi la korosho.

Sasa, Daktari ni mtu wa adabu zake. Akitaka kupenga kamasi hapengi kama mimi na wewe. Huchomoa kitambaa, hukikung'uta hewani kwanza juu ya kichwa, ndipo hukishusha puani. Na chafya ilikuwa imemfika. Nilimwona anapambana nayo, uso umemjaa damu, macho yamemtoka. Chafya ikamshinda. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe, kitambaa kikapanda, kikapepea juu ya jukwaa kuu, cheupe, wazi, nchi nzima ikikiona.

Kilembe akapuliza. Penalti, Tanuri.

Nahodha wa Nguzo akamkimbilia refa.

"Refa, ile ilikuwa chafya!"

"Ipi?" akauliza Kilembe.

"Ile ya... ile aliyopandisha..." Nahodha akasita. Alikumbuka sheria.

"Tume imesema kitambaa hakina uhusiano na penalti," Kilembe akamwambia. "Una jingine, nahodha?"

Nahodha akarudi nyuma ya mstari. Jukwaani nako kitambaa kilikuwa hakitajiki. Mheshimiwa Mlezi aligeuza shingo polepole.

"Mtambalike, umefanya nini?"

"Mafua, Mheshimiwa."

"Yazuie."

"Nayazuia, Mheshimiwa. Chya!"

Ifutwe? Ikifutwa, watu watauliza ilitokana na nini. Wakatazamana, mawaziri na makatibu, kila mmoja akimtafuta wa kusema, na wakati wanatafutana, Ngulangwa, beki na nahodha wa Tanuri, jitu lenye miguu ya kubebea mawe, aliuweka mpira kwenye kitone akaupiga. Nyavu zilikaribia kuchanika. Tanuri moja, Nguzo bila.

*

Wakati wa mapumziko nilishuka na kipaza sauti kwa Bi Tindwa. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, jasho linamtoka, anacheka peke yake.

"Mwenyekiti, unaizungumziaje penalti ile?"

"Penalti halali kabisa!"

"Mchezaji wenu hakuguswa, mama."

"Wewe uko kibandani utaona wapi? Kitambaa kimeona!" Akaishika mikrofoni kama ya kwake. "Ndugu zangu, mie mwaka mzima nilikisema vibaya kitambaa kile. Naomba radhi. Nilikuwa sijakielewa. Kumbe kinahitaji subira tu!"

Nyuma yake mashabiki wa Tanuri walikwisha kutunga wimbo. Walikuwa wale wale waliokuja na bango la TUNATAKA MACHO YA REFA. Bango lilikuwa chini, wamelikalia ili wasichafue nguo. Mikononi walishika vitambaa vyeupe, na waliokosa vitambaa walivua fulana.

Kwenye jukwaa kuu nako hatua zilichukuliwa. Mheshimiwa Mlezi alimnyang'anya Daktari kitambaa, akakitia mfuko wa ndani wa koti lake. Mpango ulikuwa mzuri: Nguzo watakapoanguka, Mheshimiwa atakitoa, atampa Daktari, Daktari atakipandisha, kisha kitarudi mfukoni salama, mbali na pua. Daktari akaachwa ajifutie karatasi za hotuba yake ya ubingwa.

Ni mpango ambao ungefaulu katika nchi yoyote ambayo viongozi hawali chakula cha mchana. Kipindi cha pili hakijakomaa, Mheshimiwa Mlezi alilala. Na kwetu Mheshimiwa haamshwi. Huamka mwenyewe, kama jua. Walinzi walijipanga kumzunguka ili usingizi usiguswe, na kitambaa kikabaki humo ndani, kikipanda na kushuka taratibu kwa pumzi zake, pasipo mtu wa kukiona.

*

Hapo ndipo Papai alipopata tabu. Alianguka upande wa kushoto wa goli, Kilembe akatazama juu, kitu hakuna. Akaanguka upande wa kulia, akabiringika mpaka kwenye bango la tangazo la sabuni. Hakuna kitu. Alianguka akiwa mbali na mpira, alianguka mpira ukiwa umetoka, safari moja alianguka huku akizungumza na daktari wa timu. Mashairi yangu yote yaliisha. Nikaanza kutaja majina ya wafiwa kwa mara ya pili.

Jukwaani Daktari Mtambalike alikuwa akionyesha viganja vitupu na kuutolea macho mfuko wa koti la Mheshimiwa. Mlinzi mmoja alimtazama kwa namna ya kumfanya atulie.

Mpira ulikuwa unaelekea ukingoni. Papai akapokea pasi ndani ya kumi na nane, akamzunguka beki mmoja, akabaki na Ngulangwa. Ngulangwa alichelewa. Mpira ulikwisha kupita, mguu wake haukupita. Kiatu kilimpata Papai kwenye muundi, na mlio wake niliusikia kwenye vifaa vyangu vya masikioni.

Papai alianguka vibaya. Hakurusha mikono. Hakubiringika. Alidondoka pale pale aliposimama, akashika mguu, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake yote ya soka, hakutazama jukwaa.

Kilembe aliliona hilo. Naapa aliliona, maana uso wake ulibadilika. Aliweka kipenga mdomoni, akageuka juu kama kawaida. Walinzi, viganja vitupu vya Daktari, kichwa cha Mheshimiwa kimeegemea kiti. Hakuna kitambaa.

"Kitambaa kiko wapi?" mashabiki wa Tanuri walipiga kelele. "Angalia jukwaa, refa! Fuata utaratibu!"

Na juu ya kelele zote nilisikia sauti ninayoijua. "Chande! Chande, mwanangu! Tazama juu! Usitazame chini, baba, tazama juu!"

Kilembe akatazama chini. Aliutazama mguu wa Papai, akaitazama ile alama ya kiatu iliyoanza kuvimba. Sikuwa na shairi. Nilikaa kimya hewani, jambo ambalo nimekatwa mshahara kwa ajili yake, na sikujua nitamani nini. Watu wa Mwamboni nilikuwa nawapenda. Uwanja wao nilikuwa naupenda. Teke nililiona.

Kilembe akapuliza. Akanyoosha kidole kwenye kitone. Penalti, Nguzo.

*

Kelele za Mwamboni ndizo zilizomwamsha Mheshimiwa Mlezi. Walinzi walikuwa wamemshika Bi Tindwa aliyekuwa ameshaingia uwanjani, kanga mkononi, akimwita mpwa wake kwa majina ya wanyama.

"Kuna nini?" akauliza Mheshimiwa.

"Penalti, Mheshimiwa. Yetu."

Mheshimiwa akatabasamu. Akapapasa mfuko wake wa ndani, akakikuta kitambaa kimelala. Tabasamu likaanza kuondoka.

"Nani ameruhusu?"

Msaidizi mmoja akainama sikioni kwake.

"Refa, Mheshimiwa. Kaona."

"Kaona?"

"Kaona mwenyewe, Mheshimiwa. Ila kaona kwa faida yetu."

Mheshimiwa Mlezi alikaa sawa. Watu humcheka pembeni, husema amepata cheo kwa ukoo. Mimi nasema siku ile alionyesha kwa nini yeye ni yeye.

"Leo kaona kwa faida yetu," alisema. "Kesho akizoea kuona? Futa."

Ikafutwa. Mpira ukaisha moja bila. Papai akabebwa kwenye machela, akilia machozi halisi ambayo mashabiki wa Nguzo wenyewe waliyapigia makofi, wakidhani ni ya kawaida. Tanuri wakabaki daraja la kwanza, uwanja wa Mwamboni ukabaki kuwa uwanja. Kombe lilibaki kwa Nguzo vilevile, kwa kuwa Chama kilibaini limeshazoea kabati lake.

Kilembe alifikishwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa la kuona bila idhini. Ni hapo nilipouona umoja wa kitaifa kwa macho yangu. Mawakili wa Nguzo na wa Tanuri walikaa benchi moja, wakapokezana glasi moja ya maji. Ngulangwa alitoa ushahidi kwamba hakumbuki kuwa na mguu wa kulia wakati ule. Kisha akaletwa Papai, mguu umefungwa plasta.

"Ulipigwa teke?" akauliza mwenyekiti wa kamati.

"Nilipigwa."

"Uliwahi kusema hivyo siku nyingine?"

"Kila wiki, Mwenyekiti."

Wakamshukuru, wakamwambia akapumzike. Kilembe alipopewa nafasi ya kujitetea alisema neno moja tu, "Niliona." Mwenyekiti akamwambia karani aandike kwamba mshtakiwa amekiri. Akafungiwa maisha.

*

Nilitumwa Mwamboni kurekodi sherehe. Uwanja mzima ulikuwa umejaa, ngoma katikati, masufuria ya pilau langoni, watoto wanapanda goli na kushuka. Bi Tindwa alikuwa anapakua mwenyewe.

Kilembe alikuja kwa miguu kutoka stendi, begi begani. Watu waliokuwa wanacheza walimwona, wakampisha. Hawakumzomea, walimpisha tu, akapita katikati mpaka kwa shangazi yake.

"Shikamoo, shangazi."

Bi Tindwa alichukua sahani, akapakua, akaweka nyama mbili za juu, akamkabidhi.

"Marahaba. Kula, umekonda."

Kilembe alishika sahani, hakula. Nilizima kinasa sauti changu, sijui kwa nini. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo haina kipindi redioni.

"Shangazi, alimpiga teke."

"Alimpiga."

"Mguu umevunjika."

"Najua umevunjika. Nimempelekea uji hospitali." Alifuta macho kwa kiwiko, upawa ungali mkononi. "Mama yako aliolewa kwenye uwanja huu, Chande. Pale, ulipo mlingoti. Ungewapa waegeshe basi juu yake."

"Nyie ndio mlisema refa atumie macho yake."

"Tulisema."

"Na nyote mliona. Uwanja mzima uliona."

"Tuliona, mwanangu, nani hakuona?" Bi Tindwa akainama kwenye sufuria, akaanza kumpakulia mtu mwingine. "Sasa wewe nani alikutuma uone peke yako?"